Picha ya Wodini Niliipiga Mimi

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, ila tafadhali usinianzie na habari za kuvumilia, maana nimevumilia mpaka basi, na sasa nimefanya jambo ambalo nyumbani wote wanaliita utovu wa adabu na mimi moyoni sioni kosa.

Mimi ni mpiga picha, mwanamke, nafanya kazi kwenye studio aliyotuachia marehemu baba, kaka yangu mkubwa ndiye msimamizi, na yeye anatumia ile kamera kubwa ya baba inayolia kacha kacha, mimi nikajinunulia ndogo, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, lenzi unabadilisha kama kawaida lakini ukitaka haitoi sauti hata kidogo, na tangu siku ya kwanza kaka akaibatiza Kibiriti, mbele ya wateja anasema, "Huyu anatushikia taa tu, hicho kibiriti chake ni cha kuchezea."

Sasa tukapata harusi ambayo bibi harusi aliamua kufungia ndoa wodini, kwa kuwa mama yake alikuwa hoi, hawezi kutoka kitandani. Nesi akatuonya mapema, hakuna flashi, hakuna kelele. Kaka akajifanya hasikii, akapiga flashi, mgonjwa akashtuka, nesi akamshika mkono akamtoa nje, nikabaki mimi nimejibanza kati ya pazia na mtungi wa oksijeni, napiga kimya kimya, na yule mama aliponyanyua mkono wenye dripu akauweka juu ya shela ya mwanawe, nikaipata. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Familia walipokuja kuchukua picha walilia pale kaunta, na kaka, mshauri, kaka aliyekuwa koridoni, akapokea shukrani zote, akasema, "Nilihangaika sana kuipata hiyo," kisha akaikuza, akaitundika dirishani na jina lake chini. Nilipomwambia alitoe alinijibu, "Studio moja, jina moja." Basi asubuhi wateja wamejaa, nikapanda kwenye stuli, nikaishusha, nikawaambia, "Hii niliipiga mimi!" Kaka akaninyang'anya funguo, lenzi yangu akaifungia kabatini, na mama kutwa analia, "Mwanangu, mwombe radhi, huyo ndiye baba yako sasa."

Siombi. Niambie kama nimekosea, ingawa nakuonya, ukisema nimekosea itabidi unieleze vizuri.

Mwenye Kibiriti

JIBU

Mwenye Kibiriti, pole, na hongera kwa kupanda stuli. Usiombe radhi kwa kusema kweli. Mama yako umpe heshima yake yote, kaa naye, mshike mkono, kisha umwambie taratibu kwamba baba mlishamzika na huyu ni kaka.

Lenzi ni mali yako. Nenda kaichukue mchana, mama akiwepo, bila matusi. Akikataa kufungua kabati, mwite baba mdogo au shangazi ambaye kaka anamwogopa. Kila ukoo una mmoja. Na kushika taa kuishe leo. Tafuta wateja wako, kazi zako ziandike jina lako, na ununue betri ya akiba, maana hizo kamera ndogo zinakula betri vibaya na kaka yako anasubiri kwa hamu izimike katikati ya sherehe.

Lakini nawe sikukopeshi, nakupa ukweli wako papo hapo. Umeniandikia kirefu, nimesoma mara mbili, sijaona mahali ambapo wewe au kaka yako mlimuuliza bibi harusi. Mama wa watu, anakata roho, mkono una dripu, mmemtundika dirishani wapita njia wamtazame! Kaka yako kaweka jina lake, wewe umetangaza lako, na mwenye msiba hajui. Hapo mmekosea wote wawili, na usinune.

Kwa hiyo kabla ya lenzi, kabla ya kabati, nenda kwa bibi harusi. Mweleze nani alikuwa ndani na nani alikuwa koridoni, halafu muulize anataka picha ikae wapi. Akisema ibaki chumbani kwake tu, macho mengine yasiione, kubali, mpe na faili lake. Wewe unajua nani aliipiga, na yeye atakuwa anajua.