Watu Tisa wa Nyumba Moja

Azaiba, 3 Aprili 2025

Mwanangu Bashayer,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila magoti yangu na kikohozi cha babaako. Wewe je, baridi ya Norwich imekuachia? Unakula? Nnaandika kwa simu ya babaako, yangu herufi zake kama sisimizi.

Juzi harusini Ghubra, Bi Jawaher alikaa anamsifu Safwan wake daktari. Nikamwacha amalize. Nikamwambia madaktari wamejaa. Bashayer wangu anawasomesha Waingereza habari za mababu zao, walivyobeba watoto na masufuria wakahamia Amerika miaka mia nne nyuma. Akauliza, kwani wenyewe hawajui? Nikamwambia wangejua wangemwita mwanangu? Meza nzima ikacheka.

Ile orodha ya abiria wa meli ulonihadithia, familia ya watu tisa na wanne kati yao watumishi, nimemsimulia Kidawa jikoni. Maana anataka kwenda kwao Tanga mwezi wa tano, binti yake Marwa anaolewa, na mwezi huo huo shangazi yako Masouda anakuja na wanawe wote. Nikamwambia, unasikia, Waingereza wa zamani mtumishi walimhesabu ndani ya familia, na mimi nakuhesabu hivyo hivyo, mwaka wa kumi na moja huu. Mtu wa nyumbani anaondokaje na wageni wanakuja? Akaendelea kuosha vyombo. Nadhani kafahamu.

Mama yako

Norwich, 9 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shkamoo. Mimi mzima, baridi imepungua, na nakula. Poleni, wewe na magoti, baba na kikohozi.

Ya Bi Jawaher nimeyacheka. Ya Kidawa sikuweza. Wale watumishi wanne, mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, akiitwa Annis. Katika makaratasi nnayoyasoma imo barua ya mamaake. Hakujua kuandika, alimwomba kasisi amwandikie. Anamsihi tajiri wa Annis amrudishe Uingereza, amwone japo mara moja. Tajiri kajibu mstari mmoja: "Annis ni mtu wa nyumbani mwetu, hatuwezi kukaa bila yeye."

Nimeyasoma kwa Kiingereza cha kale, Mama, nikaisikia sauti yako.

Pasipoti ya Kidawa iko wapi?

Mwanao

Azaiba, 10 Aprili

Bashayer,

Waaleikum salaam. Hatujambo.

Mimi ndiye nilokuzaa, hukunizaa wewe. Mzungu alokufa zamani unamfananisha na mamaako? Kidawa ana chumba chake, kina kiyoyozi chake. Akiumwa nampeleka hospitali mwenyewe. Pasipoti yake iko kabatini mwangu, juu ya yangu na ya babaako. Ya mtu baki ningeiweka pamoja na zetu?

Huyo mtoto alirudi kwao?

Mama yako

Norwich, 10 Aprili

Mama,

Shkamoo. Hakurudi. Nimemkuta mara moja tena tu, katika daftari la maziko la huko Amerika, miaka sita baadaye. Wamemwandika kwa jina la ukoo wa tajiri wake.

Nisamehe kama nimekuudhi.

Mwanao

Azaiba, 18 Mei

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Babaako kapona. Magoti yale yale. Mwezi mzima sikukuandikia na wewe hukunihimiza, ahsante.

Kidawa kaondoka Alkhamisi ya tarehe nane. Pasipoti nilikaa nayo wiki mbili nzima, naitoa, naitazama, nairudisha. Siku nilompa alikuwa anachambua mchele. Kafuta mikono kwanza, kaifungua, kaitazama picha. Akasema, "Mama, hapa nilikuwa kijana." Akaiweka kando, akarudi kwenye mchele wake. Nilitaka kumuuliza atarudi lini, nikaogopa jawabu.

Masouda kafika na wanawe. Kaniuliza mbona napika mwenyewe. Nikamwambia mtu wangu kaenda kwao kumuoza mwanawe, na nikasema kwa kujisifu, kama kwamba tangu mwanzo ndo nilivyotaka. Wali umeungua chini. Wamekula.

Jana Marwa kaleta picha ya harusi kwenye simu, wanawake wengi wamevaa sare. Nilimtafuta Kidawa mpaka macho yakaniuma, namtafuta kati ya walosimama na masinia. Kumbe yuko mbele kabisa, kakaa, anaandaliwa. Miaka kumi na moja, Bashayer, sijapata kumwona kakaa watu wakila.

Mama yako