Zogoyogo wa Butihinda na Mgeni Mwenye Daftari

Jumapili, manyunyu tangu asubuhi. Nimerudi Mushasha, hapa Gitega ninakofundisha, lakini roho iko bado kwa mama, Butihinda.

Alhamisi alifika shambani kwetu mwanamume mwenye darubini shingoni na daftari mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Révérien, ametoka Gitega, anahesabu ndege. Alimtafuta zogoyogo, yule wa kahawia mwenye madoa meupe kifuani. Huishi kwa makundi vichakani, na wakianza kelele utadhani wake wenza wanagombana.

Sikumwamini.

Nani asafiri kutoka Gitega mpaka huku karibu na Tanzania kwa ajili ya ndege wa kelele? Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, ng'ambo Tanzania. Tuliporudi tulikuta mtu analima shamba la marehemu baba, tukalazimika kuligawana nusu kwa nusu. Kichaka wanamoishi ndege hao ndicho mpaka wetu na mtu huyo. Mtu akisimama hapo na kalamu, naona shamba linagawanywa tena.

Mama aliniita jikoni. "Mwana wanje, mwanangu, huyo haandiki ndege, anaandika shamba. Akimkuta ndege wa nadra, watasema hapa ni hifadhi. Twende wapi tena?"

Nikatoka, nikamwambia Révérien kwamba ndege hao walihama zamani. Mimi, mwalimu, nilisema hivyo bila kupepesa macho. Papo hapo wakaanza kupayuka nyuma yangu. Aliniangalia, akaandika kitu, akaaga kwa adabu.

Aliandika nini?

Sikulala vizuri. Ijumaa mama na mimi tulishika panga, tukakifyeka kichaka chote. Ndani yake kulikuwa na kiota, mayai matatu ya buluu iliyokolea. Nilisita. Mama akasema, "Kata." Nikakata. Ndege walizunguka chini wakilia, kisha wakavuka kwenda upande wa jirani.

Leo baada ya misa nimekutana na Révérien nje ya kanisa. Nilimuuliza kama zogoyogo wako karibu kutoweka.

"Non, mwalimu. Bado iko mingi, haiko kwa liste ya ndege inaisha. Ndiyo maana mi nahesabu sasa, mbele ya kupungua. Kwenu niliandika munane."

Akanifunulia daftari. Majina ya ndege, idadi, majina ya vilima. Akaniomba ruhusa ya kurudi kwetu mvua zikiisha. Nikasema karibu. Habari ya kichaka sikuitaja. Niliona aibu.

Nimempigia mama simu, nimemweleza yote: ndege hayuko hatarini, hakuna wa kutunyang'anya shamba kwa sababu yake, tumevunja kiota bure. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Daftari uliliona lote?"

Nilionyeshwa kurasa mbili.

Sasa nimekaa na simu mkononi. Nimwandikie Révérien ukweli, awafute wale wanane, au nimwombe kwanza kurasa zilizobaki?