Siku Mkeka Ulipokosekana Angani

Jumatatu, 3 Machi

Makubwa! Makao makuu wanamleta mkaguzi Alhamisi. Mtaalamu wa anga kabisa, mwanamama, na wanasema hacheki. Akiona hatuna maana, kituo kinafungwa, mashine inang'olewa, na sisi watatu — Baba Mdogo ambaye ndiye mkuu wa kituo, Fundi na mimi — tunapelekwa kupima mvua. Mvua! Miaka yote hii natazama kilomita mia juu, leo nikainamie ndoo.

Baba Mdogo kachanganyikiwa. Kaagiza mawe ya getini yapakwe chokaa. Fundi akamuuliza kama mkaguzi anakuja kukagua anga au mawe. Akafukuzwa ofisini, kisha akapewa brashi.

Tegemeo letu ni Mkeka. Mashine inarusha mawimbi ya redio juu, inasikiliza yakirudi, inachora picha. Matabaka ya juu kabisa yanapanda na kushuka yanavyojisikia. Lakini chini yake, kwetu huku kwenye mstari wa katikati ya dunia, kuna mkondo wa umeme unaopita angani kila mchana, na kwenye picha unatokea mstari mnene, bapa, kama mkeka uliotandikwa sebuleni. Kila mchana! Baba Mdogo kaandika ukutani kwa rangi nyekundu: MKEKA WETU HAUKOSI. Na ni rangi ya mafuta, haifutiki.

Jumanne, 4 Machi

Mama kaniuliza tena mezani, hivi kazini kwetu tunafanya nini hasa. Nikamweleza habari za Mkeka, kwa madaha yote. Akauliza unatokea lini na lini. Kila siku, nikasema, kifua mbele.

Sasa kama upo kila siku, mnautazamia nini kila siku?

Nikamwambia chumvi imezidi. Haikuwa imezidi.

Jumatano, 5 Machi

Mkeka upo. Chokaa imekauka. Fundi ana chokaa mpaka kwenye nyusi. Baba Mdogo anafanyia mazoezi hotuba yake chooni, na ukuta wa choo ni mwembamba, kwa hiyo sote tumeshaihifadhi kichwani.

Alhamisi, 6 Machi

Sina nguvu za kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Mkaguzi alikuwa aje saa tisa alasiri. Saa nane Mkeka ulikuwepo, mnono kabisa. Picha iliyofuata — mwembamba. Iliyofuata — hakuna. Hakuna kabisa! Nikafuta kioo kwa kiganja, mjinga mimi, kama vile kilomita mia juu zinafutika kwa kiganja.

Fundi akakimbilia mlingotini, akakagua nyaya zote, akarudi anahema. Nyaya nzima. Na matabaka ya juu yalikuwa yanaonekana safi, yametulia mahali pake. Nikamwambia Baba Mdogo: mashine haina tatizo, ni anga lenyewe. Akanitazama kama nimemtukana. Anga haliwezi kunifanyia hivi mbele ya wageni, akasema. Fundi akacheka. Alicheka peke yake.

Tukasikia gari getini. Baba Mdogo akafunga mlango. Akasema weka picha ya jana, badilisha tarehe.

Nikasema hapana. Kweli nilisema! Nikamwambia hii ya leo ndiyo picha, iwe nzuri iwe mbaya. Akatazama ule ukuta na maandishi yake mekundu. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: Mwanangu, nisitiri.

Baba alipokufa huyu ndiye aliyenibeba. Aliyenisomesha, aliyenitafutia hii kazi, aliyenifundisha kusoma picha hizi nikiwa bado sijui kushoto wala kulia. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kibodi. Nikabadilisha.

Mkaguzi akaingia, akakubali maji, akatazama kioo. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Upo, akasema. Basi. Akasema hivyo kama mtu aliyefungua sufuria akakuta maji matupu. Kesho atarudi kumalizia. Baba Mdogo alisahau hotuba yote. Kidogo nimwanzishie mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia stoo, nimekalia bunda la waya. Printa iko humu. Nitaeleza harakaharaka.

Mkaguzi kafika asubuhi, simu mkononi. Kuna kituo kingine mashariki yetu, kwenye mstari huohuo. Jana alasiri Mkeka wao ulipotea. Vipimo vyao vya sumaku vinaonyesha mkondo uligeuka, ukatembea kinyumenyume! Jambo hilo hutokea kwa nadra, anasema, na ndilo analolitafuta. Ulivyo kila siku anajua, hahitaji kuambiwa. Anachotaka ni mtu aliyekuwa macho siku ulipoondoka. Angepata vituo viwili vilivyoona kitu kimoja kwa wakati mmoja, hakuna mtu makao makuu ambaye angethubutu kufunga hata kimoja.

Mama yangu jamani! Alikwishaniambia, tena akitafuna.

Kisha mkaguzi akasema: Lakini hapa kwenu ulikuwepo. Kwa hiyo mashine moja kati ya hizi mbili haifai. Yenu ndiyo ya zamani.

Fundi akaanza kukagua kucha zake. Baba Mdogo akachukua glasi ya maji, akanywa yote, na ilikuwa glasi ya mgeni. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote viwili, na nilimwonea hasira mpaka masikio yakawaka. Tulipata kitu cha kutuokoa, kikatoka angani chenyewe bure, sisi tukakifunika kwa picha ya juzi!

Mkaguzi hakumuuliza Baba Mdogo. Akaniuliza mimi. Binti, jana wewe ndiye uliyekuwa kwenye mashine. Mkeka ulikuwepo?

Nikasema ngoja nikuchapie picha. Jibu la uoga, najua. Picha ipi, sikusema.

Mashine haina undugu, imehifadhi zote. Nimeifungua ya jana ya kweli. Nimebonyeza. Printa yetu inapiga kelele kama kinu, nyumba nzima inajua ninachapa. Karatasi inatoka kidogokidogo: tarehe, saa, matabaka ya juu yametulia, na chini yake patupu. Patupu pazuri namna hiyo sijawahi kuona.

Baba Mdogo kaingia. Kasimama hapo mlangoni. Nikamwambia: Baba, hii ndiyo inayokusitiri. Sijui kama kanisikia, printa ilikuwa bado inasaga.

Akanyoosha mkono. Nimempa. Hakuna nyingine, wino umeishia kwenye hiyo. Angeweza kuichana palepale. Aliisoma tu, kidole kikitembea pale chini patupu, kama alivyonifundisha mimi. Kaondoka nayo.

Namwona mgongo kutoka hapa. Kafika kwenye mlango wa ofisi anamosubiri mkaguzi. Shati limemtoka nyuma. Karatasi bado nzima. Kasimama.

Anabisha. Ofisi yake mwenyewe, anabisha hodi —