Makena Hatasimama Mbele ya Wazee

Paris, Ufaransa

Kwa kaka yangu Kirimi,

Pokea salamu, ingawa leo zinanitoka kwa shida. Mimi ni mzima. Baridi imeanza na mikono inapasuka kwa sabuni, lakini nakula na nalala. Natumaini mvua imewafikia huko Githongo na ng'ombe wana majani. Mengine ya kujuliana hali tuyaache, maana nina hasira na wewe na siwezi kuificha. Simu yangu umeacha kushika tangu Jumapili. Ndiyo sababu nimeandika na kumpa binamu yetu Mercy, anayerudi likizo, akuwekee barua hii mkononi.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. "Gakii, huyu bibi ni mtu wa kuja. Yeye ndiye alimaliza shamba ya baba. Jumamosi wazee wanakaa, na Makena ataambia wao vile mama yake alikuwa anasema hapa kwa nyumba. Mtoto hawezi danganya." Hivyo ndivyo ulivyosema juu ya Wawira, mke wako.

Kaka, hujawahi kuniuliza ninafanya kazi wapi. Napiga deki katika jumba la zamani lililokuwa gereza. Humo ndimo alimofungiwa malkia wa nchi hii wakati wa mapinduzi, wananchi walipowaasi wafalme wao. Wageni wanamiminika kuona mahali hapo, nami nafuata nyuma kufuta matope ya viatu vyao. Kila siku wanasimuliwa habari zake, na mimi nimezishika zote.

Hakuzaliwa hapa. Aliletwa kutoka nchi nyingine akiwa na miaka kumi na minne, aolewe na mtu asiyemjua. Mpakani wakamvua kila kitu kilichotoka kwao, hata soksi, wakamvisha nguo za huku ili awe wao. Hawakumkubali. Alipokawia kuzaa, kosa lake. Unga ulipoadimika mjini, kosa lake. Hazina ilipokauka, kosa lake pia, na walioamua mambo ya nchi walikuwa wanaume waliozaliwa hapa hapa. Wakamtungia hata maneno: eti aliposikia watu hawana mkate, alisema wale keki. Simtetei sana. Alipenda nguo na kamari watu wakilala njaa, na kiburi alikuwa nacho. Lakini nchi hii hakuimaliza peke yake.

Sasa nijibu. Kahawa ya baba iling'olewa na nani? Wawira ni mzaliwa wa Mbeere, sawa, na ndiye aliyetangulia kusema kwamba njugu za makadamia zingelipa kuliko kahawa. Mdomo anao, hata mimi naye tumeshagombana. Lakini baba, Mungu amrehemu, alikubali. Baba mdogo Muthomi alikubali. Na panga ulilishika wewe. Ulinitumia picha umekanyaga kisiki cha kahawa, meno yote nje, ukaandika kwamba mmeachana na utumwa. Bado ninayo. Wakati ule kahawa haikununua hata sukari, na nusu ya majirani waling'oa. Leo kahawa imepanda bei, makadamia imeanguka, na ghafla mmekumbuka kwamba Wawira ni wa kuja. Alipokuwa akimwogesha baba aliyeshindwa kuinuka kitandani, hakuwa wa kuja? Mmemsukuma mpaka amekimbilia kwa dada yake mtaa wa Dallas, kule Embu, na mtoto mkamzuia. Naona aibu kuitwa dada yako, Kirimi.

Lakini lililonifanya nikalie ndoo na kulia kazini ni hili la Makena.

Malkia yule alipopelekwa mahakamani, mumewe walikuwa wameshamuua. Mwanawe wa miaka minane walikuwa wamemnyang'anya, wakamfundisha maneno machafu juu ya mama yake, wakamfanya atie sahihi, kisha wakayasoma mbele ya watu. Mashtaka mengine malkia aliyajibu. Hilo alilinyamazia. Walipomlazimisha, aliwageukia wanawake waliokuwa wamejaa mle ndani, wengi wakimchukia, akawaomba wao walio mama waamue kama neno kama hilo linajibika. Wanasema hata wao walitikisika. Wakamuua hata hivyo. Na yule mtoto alifia kifungoni, peke yake, na inasemekana alikuwa ameacha kuongea.

Makena ana miaka tisa. Nani amemfundisha atakayosema Jumamosi? Mtoto akisikia mama yake amefukuzwa kwa sababu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake, utamwambia nini? Akiwa mkubwa akakuuliza, utamjibu nini? Wewe ni baba wa namna gani?

Msalimie baba mdogo Muthomi, na umwambie kwenye ile picha anaonekana nyuma yako, ameshika shoka. Msalimie shangazi Kananu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, anayejua kuombea ndoa za wengine. Mercy mpe chai wala usimfokee, yeye ametumwa tu.

Mama na Makena sikutumi uwasalimie. Juzi nilimpigia mama nikamweleza habari za mtoto wa malkia. Akasema, "Mimi nimenyamazia mengi kwa hii boma. Hii, hapana." Mercy nilimwambia asikupe barua hii mpaka gari lao liwe limeondoka. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, mama yuko njiani kwenda Embu, na Makena yuko naye. Anampeleka kwa mama yake.

Wazee waje Jumamosi kama mlivyopanga. Ukiwa na la kumshtaki Wawira, simama ulitaje wewe mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikiwa bado na hasira,
Gakii