Glavu za Mbeba Jeneza

Amwell, New Jersey
9 Machi 1807

Kaka yangu Lemuel,

Pokea salamu zangu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Na wifi Hester, jino limemwachia alale? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Umeniandikia kwa ukali, ukiuliza kwa nini tulipomzika mume wangu Asahel hukuletewa glavu wanazopewa wateule wa kubeba jeneza, nawe ndiye uliyesoma naye sheria na kuketi naye bungeni. Unasema watu wanakucheka. Waache wacheke.

Nakumbuka mlivyokuwa mkizunguka pamoja kwenye mahakama za wilaya, yeye jaji, wewe wakili, mkilala kitanda kimoja kwenye nyumba za wageni. Ulinitania kwamba nyayo za mume wangu zingegandisha siagi. Naye akasema heri nyayo zake kuliko mkoromo wako. Niliwafungia pai ya tofaa, na kipande kikubwa kilikuwa chako.

Kisha mahakamani Asahel akamwacha huru Sukey, aliyekuwa mtumwa, kwa kuwa mama yake alizaliwa huru na sheria haikuwa na neno jingine. Van Dorn, aliyekuwa akimmiliki, alimwambia Asahel mbele ya watu kwamba jaji wa namna ile angefaa kuchunga bata. Muda wa ujaji wa Asahel ulipokwisha, bunge linalochagua majaji, nawe ukiwamo, likampa kiti chake mtu wa Van Dorn. Ukaja jikoni kwangu, ukala, ukaapa kwamba ulimpigania shemeji yako hadi sauti ikakauka.

Lemuel, Asahel alikuwa juu kwenye roshani ya watazamaji. Alisikia ukiitwa upige kura, akakusikia ukimtaja mtu wa Van Dorn, kwa sauti safi kabisa. Aliporudi aliomba maji ya moto ya miguu, basi. Alinieleza siku aliyokufa, akaniomba wewe ushike jeneza upande wa kichwani, kwa kuwa mmezoeana.

Nilimwitikia. Kisha nikampa nafasi yako Cato, baba yake Sukey. Glavu zako hazikumwingia, mikono yake ni ya shoka. Alibeba mikono mitupu, theluji ikianguka.

Nakutumia glavu ya kushoto. Ya kulia ninayo. Njoo uichukue mwenyewe, unitazame usoni, uniambie ulimtaja nani.

Msalimie Hester, na watoto uwabusu.

Ni mimi dada yako,
Keziah