Leo Nimepima Kihamba cha Nyumbani

Jumamosi, Kirua Vunjo. Tangu asubuhi mawingu yameshuka hadi kwenye migomba, na nguo nilizofua jana bado mbichi kambani.

Leo nimepima kihamba cha nyumbani, shamba letu la urithi la migomba na kahawa. Nilikuwa nimekiacha makusudi kiwe cha mwisho upande wetu huu wa juu.

Kazi yangu kwenye chama chetu cha wakulima ni kuzunguka mashamba ya kahawa na simu mkononi, nikifuata mpaka hadi ramani ikamilike. Wanunuzi wa Ulaya wanataka uthibitisho kwamba kahawa yetu haikulimwa kwenye msitu uliokatwa. Shamba lisilo na ramani, kahawa yake hawaichukui. Wazee huniuliza kwa upole kama huko hawajui kuwa miti hii inayotia kivuli kahawa ilipandwa na babu zetu. Naendelea kutembea.

Kwetu tatizo halikuwa msitu. Baba alipofariki, mdogo wake, baba mdogo Aminieli, aling'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka, akayapanda upya hatua kadhaa ndani ya kwetu. Mama hakupiga kelele. Aliacha tu kumsalimia. Miaka sita wanasali kanisa moja, wanatumia mfereji mmoja wa maji, hawasemeshani.

Sasa ramani mbili zikipandana, zote zinakataliwa. Ugomvi wao ungewanyima soko wote wawili.

Hapa lazima niungame. Wiki iliyopita, baba mdogo akiwa ameenda Himo, nilipita peke yangu nikachora mpaka wa zamani, ule wa baba. Nikauhifadhi. Nani angejua? Nilikaa nao siku mbili, kisha nikaufuta.

Ningekuwa na tofauti gani naye?

Basi asubuhi nilikwenda kwake. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba majirani wote wawili wanatakiwa watembee nami. Alinisikiliza huku akivaa mabuti. Halafu, sijui kwa nini, nikamwambia na kuhusu ule mstari nilioufuta.

Alivaa buti la pili, akaniuliza:

"Mama yako anajua?"

"Hajui, baba."

"Basi usimwambie."

Mama alitusubiri juu, karibu na mfereji, kanga begani, hatazami upande wetu. Tukaanza kushuka watatu. Tulipofika kwenye masale mapya, baba mdogo hakusimama. Aliyapita, akaingia kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, akaenda hadi penye kisiki cha mringaringa, mahali ulipokuwa mpaka siku zote.

"Pima hapa," akaniambia. Kisha akamgeukia mama, kofia mkononi. "Shemeji, nilikosa."

Nilidhani mama atalia, au atamwambia yote aliyoyameza miaka sita. Alikuwa anaitazama ile migomba, ambayo sasa ilikuwa upande wake.

"Mkungu ule umekomaa," akasema. "Ukate upeleke kwako. Mingine niachie."

Baba mdogo akacheka kidogo, macho mekundu. Nikaufuata mpaka ule hadi simu ikatoa mlio kwamba mstari umekubaliwa. Hakuna aliyeisikiliza.

Walibaki pale wakizungumza Kichagga, juu ya baba, jinsi alivyokuwa hajui kupogolea mibuni na hataki kufundishwa. Mama alimwigiza anavyoshika kisu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo tangu tulipomzika baba. Nilisimama pembeni nikijifanya nasoma ramani, nisije nikawakatisha.

Sijui mnunuzi wetu ni nani, wala kama atawahi kuutazama mstari huu. Nimeshindwa hata kuamua kama nimshukuru au nimkasirikie.

Jumatatu naanza upande wa chini wa kijiji. Ofisini wanataka mashamba mengi kwa siku. Watasubiri. Katika kila nyumba nitakaa kwanza, niulize wanaishije na jirani, ndipo niwashe simu.