Mke Mwenzangu Mwenye Mkia

Mume wangu Seif,

Mjukuu wangu, nakusalimu huko uliko. Kalamu siijui, anayeandika ni dada yako Mwanaidi, na nimemwambia maneno yangu asiyapake sukari.

Nilikuwa namwonea wivu mbwa wako. Haya, nimesema. Tangu polisi wakukabidhi huyo Doria, kila ukija hapa Kaole unampa yeye maji kwanza, ndipo unaniamkia. Nikakwambia umeniletea mke mwenza mwenye mkia. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mke mkubwa ni wewe, Bibi!" Mke mkubwa gani anayesubiri mbwa anywe?

Siku ile ulipomkimbiza mwizi wa pikipiki akakuchoma kisu, watu walikuleta nyumbani umeshakata roho. Doria nyuma yao, kitambaa chenye damu mdomoni, akakiweka kizingitini. Nikadhani ni cha shati lako. Hata damu ya mjukuu wangu aibebe yeye? Nikakinyakua, nikakifua maji saba, ya kwanza kwa udongo, kama tunavyoondoa najisi ya mbwa. Nafua, nalia, nafua.

Kesho yake mpelelezi akaniuliza, "Bibi, kile kitambaa kiko wapi? Mbwa alikichana kwenye shati la muuaji." Kilikuwa kambani, kinanukia sabuni. Wakampa Doria akinuse. Akapiga chafya, akanitazama. Wallahi Seif, alinitazama mimi.

Muuaji hakuonekana. Nikawa silali, sili.

Siku ya hitima yako wenzako walikuja naye. Nikasema afungwe kule kwenye mkorosho, hapa panasomwa Kurani. Akaingia fundi pikipiki mmoja wa Kerege, kilo mbili za sukari mkononi, akanipa pole kwa mikono miwili. Doria akanguruma mpaka kamba ikalia. Shangazi yako akanitupia ufagio: "Kamchape huyo, mama, anatuharibia dua!"

Nikaenda, tena kwa hamu. Nikauinua. Lakini hakuwa ananitazama mimi, wala ufagio. Macho yote kwa yule fundi.

Nikautupa. Nikamfungua kwa mkono wangu huu, nikamshika shingo, mimi.

Nilipomwachia, alipita katikati ya sinia za pilau asionje hata punje, akamkamata yule bwana pindo la suruali. Yule fundi, hajaulizwa na mtu, akalia, "Sikukusudia kumuua!" Shati lake lililochanika wamelikuta amelifukia kwenye banda la kuku.

Kwa hiyo amekamatwa, mume wangu. Yuko ndani, anangoja kesi.

Wivu haujaisha, umezidi. Pumzi yako ya mwisho aliisikia yeye. Aliyekuua, yeye ndiye aliyemtambua. Mimi niliyekulea tangu huna jino, nilichokufanyia ni kufua ushahidi. Nisamehe. Naye nimemwomba radhi, pale pale mbele za watu, shangazi yako akasema nimepata wazimu.

Wenzako wanasema Doria amezeeka, watamstaafisha. Nimewaambia wamlete kwangu. Banda limeshaezekwa, na nyama atapata, asije akabaki ngozi na mifupa majirani wakasema mimi mchoyo. Nakuahidi nitamtunza mpaka mmoja wetu atangulie.

Ila Ijumaa, nikija kaburini kwako, nakuja peke yangu. Huko simleti. Lala salama, mume wangu, na hapo tu uniachie niwe mke wa pekee.

Bibi yako